Hadithi Iliyouma Vizuri

Asubuhi ya usomaji mhasibu ndiye aliyeingia chumbani kwanza. Alikusanya mikasi, visu vya bahasha na mashine ya pini, akavifungia kabatini, kisha akasogeza viti hadi ukutani ili katikati pabaki nafasi. Mlinzi alileta ndoo ya maji, taulo kuukuu na rungu. Mezani waliacha glasi ya maji ya msomaji na sanduku la huduma ya kwanza, lililojazwa upya kwa sababu katika kikao kilichopita fisi wa hadithi ya mfalme bahili alikuwa amemnyofoa mtu wa mauzo nyama ya paja. Doa lake lilikuwa bado linaonekana kwenye zulia, upande wa dirisha. Mtu wa mauzo mwenyewe alikuja na gongo, akakaa safu ya nyuma. Hakutaka kukosa.

Hivyo ndivyo shirika lile la vitabu lilivyochagua hadithi zake. Lilichapisha hadithi za kale zilizosimuliwa upya, na kwa kazi hiyo lilikuwa halina mpinzani. Mashirika mengine yalikuwa na kamati na wasomi wa kutoa maoni. Hapa mswada ulisomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi, mlango umefungwa kwa ufunguo, na kama hadithi ilikuwa imesimuliwa vizuri, kitu kilitoka kwenye kurasa na kuuma mtu. Kama ilikuwa imesimuliwa vibaya, hakikutoka kitu. Watu walipiga miayo, mwenye mswada akarudishiwa mswada wake. Utaratibu ulikuwa wa haki, maana fisi hahongeki.

Kila mtu ofisini alikuwa na alama yake. Mhasibu alikosa vidole viwili vya mkono wa kushoto, vilivyoliwa na sungura, ambaye hadi siku ile watu walidhani ujanja ndio silaha yake pekee. Mlinzi alikuwa na pengo la meno ya mbele. Aliyekuwa akipokea simu hakuwapo tena. Alikutana na nyoka wa vichwa saba, na mswada ule ulishinda tuzo. Picha yake ilitundikwa mapokezi, ikapambwa kwa maua ya plastiki yaliyopanguswa vumbi kila Jumatatu.

Mkurugenzi alikuwa bingwa wa mambo haya, na mara nyingi alialikwa kuyazungumzia mbele ya walimu na waandishi chipukizi. "Msomaji wa hadithi ya kale anaujua mwisho," alipenda kusema. "Anajua zimwi litakula mtu. Sasa wewe usimwambie limekula. Mwambie limeanzia wapi." Watu walicheka kidogo, kisha wakaandika. Aliwaambia pia kwamba msomaji akiiona sufuria ya kwao ndani ya hadithi, amekwisha, hawezi kukiweka kitabu chini. Na kwamba siri kubwa kuliko zote ni kumpa mdomo yule ambaye hadithi ya zamani ilimnyima. Alisema maneno haya vizuri sana, kwa sauti ya mtu aliyeyafikiria mpaka ndani. Ni kweli aliyafikiria. Ila nyumbani kwake hakuyafikiria.

Mwandishi aliyeumisha watu kuliko wote katika shirika hilo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake. Miswada yake mitatu ilikuwa imepita bila kurudishwa hata mara moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, anayevaa miwani iliyofungwa uzi, na ndiye aliyemlea binti wa pekee wa mkurugenzi tangu mama yake alipofariki. Binti huyo alikuwa msahihishaji wa shirika. Ofisi nzima ilimwita Mkato, kwa sababu hakuna ukurasa uliopita mikononi mwake bila kuongezewa mkato mahali ambapo mama yake mdogo alikuwa amesahau kupumua.

Mwaka ule karatasi ziliadimika. Magazeti yalipungua kurasa, shule zikaandikia watoto ubaoni tu, na mitambo ya shirika ikasimama ikafunikwa maturubai. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na maghala yaliyojaa, na watu walimwita mwenye karatasi. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye viganja vipana, aliyepuliza chai yake kwa muda mrefu kabla ya kunywa. Hakuwa akiuza kwa yeyote anayekuja na fedha. Alisema karatasi ni chache, kwa hiyo atawapa ndugu zake kwanza, na baada ya ndugu ataona.

Alikuwa ameoa mara mbili na kufiwa mara mbili. Mke wa kwanza alianguka kwenye ngazi, ingawa nyumba ile haikuwa na ngazi. Wa pili aliangukia pasi ya moto, na si mara moja. Misiba yote miwili ilijaa watu, mwenye karatasi akapewa pole, akalia kweli, na waliokwenda kuosha maiti walirudi kimya wakatafuta habari nyingine za kuzungumza.

Alikuja ofisini, akapuliza chai yake, akamwambia mkurugenzi kwamba anatafuta mke mwenye kisomo. Mkurugenzi alimwelewa kabla hajafika mwisho wa sentensi. Alimwita binti yake, akamkalisha, akapangusa miwani kwa ncha ya tai kama alivyofanya kila alipokuwa na neno zito.

"Mwanangu," alisema, "riziki ya watu wote hapa imesimama. Wewe ndiye unayeweza kuinyanyua."

"Wale wake zake, baba?"

"Wale walikuwa wanawake wasio na uangalifu. Wewe una akili. Utaangalia unapokanyaga."

Mkato alirudi mezani kwake, akamalizia kusahihisha ukurasa uliokuwa umebaki, kisha akaenda kwa mama yake mdogo.

Mwandishi hakuwa mtu wa kukaa akashika tama. Siku ile ile alimfuata shemeji yake, akamwambia yote yaliyostahili kuambiwa baba, mengine kwa heshima na mengine bila heshima. Mkurugenzi alimsikiliza kwa uso wa mtu anayesoma sentensi ndefu akisubiri kitenzi. Maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Mwisho alisema, "Shemeji, nimekuelewa," akafungua mlango ili atoke.

Njiani mwandishi alifikiri hivi: mtu huyu maneno hayasikii, lakini hadithi anaisikia. Alikuwa amemwona akilia kwa ajili ya binti wa mfalme aliyegeuzwa mti. Alikuwa amemwona akishindwa kula kwa sababu ya kondoo wa kwenye mswada. Basi kama njia ya kufika moyoni mwake ni hadithi, ataipita hiyo hiyo, na ataipita akiwa na meno. Ilikuwa hesabu ya mwandishi. Mtu wa kazi nyingine angekodi gari akamtorosha mtoto.

Akaichagua hadithi ya chemchemi, ambayo kila mtu aliisikia utotoni. Kijiji kina chemchemi moja, zimwi linakuja linaikalia. Linasema litaachia maji likipewa mke. Mwenye kijiji ana binti mmoja. Anampeleka, maji yanatoka, watu wanakunywa, mwenye kijiji anatungiwa wimbo. Katika hadithi ya zamani binti analiwa ndani ya nusu sentensi, tena nusu ya sentensi inayohusu maji.

Mwandishi alimpa binti mdomo. Alimpa nywele zilizopakwa mafuta asubuhi ile, alama ya kuungua na uji kwenye kifundo cha mkono, na sauti. Kwa mwenye kijiji alitumia tabia za mtu anayemfahamu. Kila alipomaliza sura alimpa Mkato, ambaye alikuja mchana, akakaa kwenye mkeka wa sebuleni na kalamu yake nyekundu, akasahihisha kama kawaida. Kulikuwa na mapazia yake ya harusi pembeni, yamekunjwa, yanasubiri kupindwa.

Walipofika kwenye sura ya njiani, baba anapompeleka binti kwa zimwi, Mkato aliinua kalamu.

"Mama mdogo, hapa umemliza baba."

"Anampeleka mwanawe kuliwa. Afanye nini, acheke?"

"Akilia, wanaosikiliza watamsamehe. Mwache atembee mbele, asigeuke nyuma. Na azungumze habari za mvua."

"Mvua gani?"

"Mvua tu. Kwamba mwaka huu imechelewa, kwamba mawingu yale huenda yakaleta kitu. Njia nzima."

Mwandishi alimtazama, kisha akafuta ukurasa mzima na kuuandika upya. Hilo hata mkurugenzi hakuwahi kulisema kwenye mihadhara yake. Mkato aliweka mikato miwili, akasema sasa imekaa sawa, wakalia wote wawili, wakaendelea na kazi.

Harusi ilipangwa Jumamosi. Usomaji ulikuwa Alhamisi.

Mkurugenzi alikaa kiti cha mbele, kama siku zote, kwa sababu aliona ni haki mkubwa wa shirika aumwe kabla ya wengine. Mkato alisimama karibu na mlango. Mlinzi aligeuza ufunguo, akashika rungu lake kwa mikono miwili. Sheria ilikuwa kwamba halitumiki mpaka mtu aumwe, maana hapo nyuma mlinzi mwenye haraka alimpiga chui kabla hajauma na kwa sababu hiyo hadithi nzuri ikapotea.

Mwandishi alisoma bila haraka. Alipofika mahali zimwi linapoikalia chemchemi, vidole vya kijivu vilijitokeza pembeni mwa karatasi, vikashika ukingo wa meza, na zimwi likatoka likiwa limelowa, likinuka tope. Watu walikunja miguu chini ya viti. Lilitazama huku na huku kama mtu aliyeingia ofisi asiyoijua, likamwona mhasibu, likamuuma bega. Mfupa ulisikika. Mhasibu alifumba macho, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ni nzuri, na mtu wa mauzo akampa taulo.

"Endelea, shemeji," alisema mkurugenzi. Alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa.

Mwandishi alisoma sura ya njiani. Baba anatembea mbele, anazungumza habari za mvua. Anasimama, anapangusa uso kwa ncha ya nguo yake, anaendelea. Chumbani watu walitazamana, kisha wakamtazama mkurugenzi, ambaye dakika ile ile alikuwa akipangusa miwani kwa ncha ya tai. Kila mmoja alijitia hamnazo kwa namna yake.

Hapo binti akatoka. Alitoka miguu peku, nywele zinang'aa mafuta, nyama ya ubavu wa kushoto haipo, na kupitia mbavu zake ulionekana ukuta wa upande wa pili. Zimwi lilimnyooshea mkono. Alilisukuma pembeni kama mtu anayepita kwenye foleni, akaenda moja kwa moja hadi kiti cha mbele.

"Baba," alisema, "unaonaje, mvua itanyesha?"

Akaichukua glasi ya maji mezani, akaivunjia kwenye uso wa mkurugenzi. Pua ilikwenda upande. Akaishika tai, akaizungusha mkononi mpaka uso wa mzee ukabadilika rangi, akamwangusha sakafuni, akampigia goti kifuani, na mbavu zikalia moja baada ya nyingine. Alimpiga kwa ngumi mdomoni. Alimpiga bila kelele, kwa utaratibu, kama mtu anayefua nguo nzito. Kisha akainama, akalishika sikio lake la kulia kwa meno, akavuta. Sikio liling'oka. Alilitema kwenye zulia, karibu na lile doa la zamani.

Mwandishi aliendelea kusoma, kwa sababu angenyamaza binti angerudi kwenye karatasi. Alifika mwisho wa aya, akairudia, jambo ambalo halikuruhusiwa. Alikuwa akisubiri neno moja tu litoke kwenye mdomo ule wenye damu, neno dogo, basi. Alimwangalia Mkato pale mlangoni, na Mkato alikuwa amejishika mikono kifuani, akitazama kwa matumaini ambayo mama yake mdogo hakuwahi kuyaona usoni mwake tangu alipokuwa mtoto.

Mkurugenzi alikuwa akilia. Alilia kwa kwikwi, machozi yakichanganyika na damu, akaunyoosha mkono na kushika kifundo cha binti wa hadithi, pale penye alama ya uji. Alitaka kusema, akashindwa, akatema jino, akajaribu tena. Chumba kizima kilimsubiri.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Hii imeuma."

Akavuta pumzi.

"Hii imeuma kuliko zote. Ile habari ya mvua. Mungu wangu, ile habari ya mvua. Ichapwe."

Wafanyakazi walipiga makofi. Mhasibu, aliyekuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi, alipiga paja. Walikuwa na haki ya kufurahi. Wengine walikuwa wakikalia kuti kavu tangu karatasi zilipoadimika, na kitabu kama hiki kingewalisha miaka. Mkurugenzi aliinuliwa, akakalishwa, akafungwa bendeji. Alimwita binti yake kwa kidole.

"Umeona, mwanangu? Nilidhani karatasi chache zitatutosha. Kwa hii tutahitaji ghala zima."

Mlinzi sasa aliruhusiwa kufanya kazi yake. Zimwi lilirudi lenyewe, maana lilikuwa limezoea. Binti hakutaka. Ilibidi mlinzi ampige magotini, kisha viwikoni, kisha tena magotini, mpaka akakunjika vizuri na kuingia kwenye kurasa, na mhasibu akaweka kitabu kizito juu ya mswada. Mwandishi alisema wamwache. Walimwambia kwa upole kwamba uchovu wa kusoma unajulikana, akapumzike.

Jumamosi mkurugenzi alimtoa binti yake nyumbani akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Alitembea mbele kuelekea kwenye gari. Njia nzima alizungumza habari za foleni, kwamba siku hizi imezidi, kwamba barabara ile ikipanuliwa huenda mambo yakawa afadhali. Malori ya karatasi yaliingia uani Jumatatu asubuhi.

Kitabu kilipendwa. Maturubai yaliondolewa, mitambo ikanguruma, nakala zikaisha madukani, nyingine zikachapwa. Kitabu kikishachapwa nguvu zake hugawanyika kwa idadi ya nakala, kwa hiyo nyumbani kwa watu binti alitoka akiwa na kimo cha paka, akauma kidogo, akarudi. Wasomaji walionyeshana alama kwenye vifundo vya mikono kwenye vituo vya mabasi. Baba wengi waliwanunulia binti zao. Walisoma sura ya njiani kwa sauti sebuleni, wakalia, wakakunja pembe ya ukurasa ili waweze kurudia, kisha wakafanya walichokuwa wamepanga kufanya. Mkurugenzi alialikwa kila mahali. Alisimama mbele ya watu na sikio moja, akaeleza kwamba hadithi ya kale ikisimuliwa upya lazima imguse msomaji mahali anapoishi, na watu walimwamini kwa sababu ushahidi ulikuwa pembeni mwa kichwa chake.

Mwandishi alikwenda kituo cha polisi. Ofisa aliyempokea alikuwa na kitabu mezani, akaomba amwekee saini, akasema mke wake amekisoma mara mbili. Kuhusu nyumba ya mwenye karatasi alisema baba mzazi ndiye angepaswa kulalamika, na baba mzazi hajalalamika.

Basi akaenda mwenyewe kwa mwenye karatasi, mchana, mwenye nyumba akiwa ghalani. Mlango mkubwa ulikuwa na komeo na kufuli kwa nje. Mlinzi wa getini alimpekua mkoba, akatoa daftari, akatoa kalamu, akasema humu haiingii karatasi isiyo ya bosi. Ila vitabu vya shirika vinaruhusiwa, kwa sababu vimechapwa kwenye karatasi yake. Kisha akamfungulia, akafunga nyuma yake.

Mkato alikuwa ameketi kwenye kochi. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi begani, jicho moja limefumba, na shingoni kulikuwa na alama za vidole vipana, za zamani zikiwa za kijani na mpya zikiwa nyeusi. Alipojaribu kusimama kumwamkia mama yake mdogo, mguu mmoja ulikataa.

"Nilianguka kwenye ngazi," alisema. Wote wawili waliitazama sakafu, iliyokuwa tambarare kutoka ukuta hadi ukuta.

Mwandishi alimkumbatia upande usiouma, wakakaa hivyo.

"Ananiambia nimsomee," alisema Mkato. "Kila jioni. Kitabu chetu. Nikifika kwenye sura ya njiani binti anatoka, anamuuma hapa, kwenye ugoko. Anacheka. Anasema inamwasha vizuri."

"Halafu?"

"Halafu anafunga kitabu."

Nje mlinzi wa getini alikohoa kuonyesha kwamba muda unakwisha. Mkato alimshika mama yake mdogo kwa mkono mzima, akamsogelea.

"Mama mdogo, andika nyingine. Isiwe na kuuma. Huyu kuumwa hakumwingii, kunampendeza. Andika binti anayefungua mlango tu, anatoka. Ichapwe, iletwe hapa. Ataniambia nimsomee, na yule binti hata akitoka mdogo kama paka, mlango ataufungua. Atapanda, atafungua. Mimi nitamfuata."

"Kabla sijamaliza kuandika..."

"Andika haraka. Jumapili alitoa pasi kabatini. Hatujapiga pasi, imekaa tu mezani."

Mwandishi alirudi nyumbani akaandika. Hakuwahi kuandika vizuri kama wakati ule. Alijua anaandika ili mtu mmoja apone, na alijua mtu huyo anapendelea sentensi za namna gani. Hadithi ilikuwa ile ile ya chemchemi. Binti anafikishwa kwa zimwi, anaosha vyombo, anasikiliza linavyokoroma baada ya kula wengine. Anajua ubao gani unalia ukikanyagwa. Anajua komeo limechoka upande gani. Mwandishi aliuelezea mlango ule hadi kutu ya bawaba zake. Aliweka mikato yote mwenyewe, akihakikisha hajasahau hata mmoja.

Alimsihi shemeji yake awahishe kikao, naye akakubali kwa furaha, maana wasomaji walikuwa wakidai kitabu kingine. Viti vilisogezwa ukutani. Mlinzi aligeuza ufunguo. Mkurugenzi alikaa mbele, akageuza kichwa ili sikio lililobaki limwelekee msomaji.

Mwandishi alisoma. Binti alitoka kwenye kurasa taratibu, mzima, ubavu wake una nyama yote. Aliteremka mezani, akapita katikati ya viti akiinua gauni lisimguse mtu, akafika mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mlinzi. Binti alishika kitasa, akakizungusha, mlango ukafunguka. Akatoka, wala hakugeuka nyuma.

Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wakitazama karatasi zilizo mezani, wakisubiri meno. Mlinzi alikuwa ameinua rungu. Mtu wa mauzo alikuwa ameweka gongo mbele yake kama ngao.

Mwandishi alimaliza, akaweka mswada chini. Upepo wa koridoni uliingia ukageuza ukurasa wa mwisho.

"Nani ameacha mlango wazi?" aliuliza mkurugenzi. Mhasibu aliinuka akaenda kuufunga.

"Shemeji," mkurugenzi alisema kwa huruma, "umeandika vizuri. Lugha safi. Lakini haijauma mtu."

"Binti ametoka."

"Ametoka wapi? Sisi sote tuko hapa."

"Amefungua mlango. Shemeji, nakuomba. Wengine wote sawa, hii moja uipitishe kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mtoto wako. Yuko kule, pasi iko mezani. Ichapwe hata nakala chache."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai. Macho yake yalikuwa na machozi. Alikuwa mtu mwepesi wa kulia.

"Siwezi kuharibu karatasi kwa hadithi isiyouma," alisema. "Na hii karatasi, wewe mwenyewe unajua tumeipataje."

Alifikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka, kwa sababu alikuwa bingwa na wazo zuri lilikuwa limemjia.

"Sikiliza. Usibadilishe kitu mpaka mwisho. Mwache afike mlangoni. Ashike kitasa, kabisa, kianze kuzunguka. Sisi tushaamini ametoka. Halafu limkamate kwa nyuma. Hapo, shemeji, hata mimi nitashindwa kujizuia."

Kwa mambo ya hadithi mkurugenzi hakuwahi kukosea. Wafanyakazi walitikisa vichwa kukubali, mmoja akasema mwili tayari umemsisimka. Mwandishi alikusanya kurasa zake akazirudisha mkobani. Nje, barabarani, binti wa hadithi alikuwa akienda zake kwenye jua, na hakuna aliyemsimamisha, kwa kuwa barabarani hakuwa binti wa mtu. Mkato alikuwa bado ndani.